Mji Uliouita Punje

Nyuma ya kiwanda cha rangi,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na shemeji yangu. U hali gani? Mikono yako inaendeleaje? Mama aliniambia sabuni ya huko mnakofulia mashuka ya hospitali imekuchubua viganja mpaka ukawa unalala umevaa soksi mikononi. Natumaini wamewapa glavu za maana sasa, siyo zile zinazovuja kwenye kidole gumba. Na shemeji macho yake je? Mwambie avae ile miwani yake kila anapochomelea, fundi hana macho ya akiba.

Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Mama goti bado linamsumbua, hasa akishuka ngazi, ila ulimi wake mzima kabisa, haujapata hata mafua. Juzi alimgombeza mwenye nyumba kwa sababu ya taa ya ngazini iliyokufa tangu mwezi wa nane. Jana asubuhi taa ikawaka.

Mimi nipo na lifti zangu. Mwezi uliopita tulibadilisha kamba za lifti kwenye lile jengo la bima lenye ghorofa kumi na moja. Mwenzangu kazini, yule tunayemwita Kamba kwa kazi hiyohiyo, akadai spana yake imedondoka shimoni. Tulizima lifti, tukateremka na tochi, tukaitafuta nusu siku, watu wazima wanapanda ngazi huku wanatulaani. Kumbe spana imening'inia nyuma ya mkanda wake. Zamani ningekusimulia haya kwa simu, ungecheka mpaka shemeji aje kuuliza kulikoni. Siku hizi simu zetu ni za "tupo", "haya", "mtandao mbaya", na kila mmoja anakata kabla hajavuta pumzi.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mara ya mwisho kuandika barua kwa mkono nilikuwa naomba kazi, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Karatasi tatu za kwanza nimeshazichana.

Nataka kuzungumza nawe habari za mchezo. Najua ukisoma neno hilo utataka kuikunja barua hii na kuitia kwenye droo. Nakuomba usome kidogo tu.

Unaijua mbinu yangu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa imekuumiza kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nataka niiandike kwa mkono wangu, kama mtu anayeandikisha maelezo kituoni, ili isije ikaonekana napitisha mambo pembeni. Tangu tulipoanza kujenga dola kwenye ile kompyuta kuukuu yenye mstari wa kijani katikati ya kioo, mimi sikuwahi kushinda kwa vita. Nilikuwa nalima. Wenzangu wakikazana na mikuki, mimi nashika mabonde ya mto, natandaza mashamba, kila mji najenga ghala. Halafu napeleka misafara kwa jirani na kumuuzia nafaka kwa bei ya bure. Jirani anaona, ya nini kulima? Anageuza mashamba yake kuwa machimbo na karakana, ananiletea shaba na mawe, watu wake wanaongezeka, anafurahi. Mimi nasubiri. Siku miji yake ikishakuwa mikubwa na haina shamba hata moja, nafunga mpaka. Zamu ya kwanza ghala lake linakauka. Ya pili, njaa. Ya tatu watu wanaanza kuhama, na ikifika ya nne au ya tano mji unaasi na kuja kwangu wenyewe, bila mimi kurusha mshale.

Nilikuwa naionea fahari mbinu hiyo. Niliiandika hata kwenye lile jukwaa la wachezaji mtandaoni, wakanisifu, wengine wakaniita mwalimu. Nyumbani haikusifiwa na mtu. Unakumbuka wewe ulikuwa unalia, na Mama anakuja kuchomoa waya ukutani akisema, "Umeme huu naulipia mimi, na hapa nyumbani hafi mtu na njaa!" Nilikuwa nakuona mtoto tu, hujui kushindwa.

Kwa hiyo ulipohamia mbali na ukaniandikia kwamba tuanze mchezo mpya, kila mmoja na zamu yake, moja kwa siku, uliniwekea sharti. Nimeitafuta ile meseji. Uliandika: "Kaka, safari hii hatupigani. Tunajenga tu, tuone tutafika wapi. Na usiniletee mtego wako wa ghala." Nami nikakujibu: "Haki ya Mama, hakuna mtego. Sisi ni washirika."

Niliapa kwa Mama. Na kwa miaka miwili na zaidi niliishika ahadi hiyo. Nataka uamini kwamba sikuanza na nia mbaya. Nilikuuzia nafaka kwa sababu nilikuwa nayo tele, na wewe ulikuwa umekaa kwenye miamba. Miji yako uliipa majina ya kwetu: Jikoni, Uani, Kabatini, Ngazi ya Kwanza. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa nafungua zamu yako na kucheka peke yangu, maana ulikuwa unaniandikia taarifa: "Uani leo wamegundua gurudumu, wamechelewa kama Mama na simu ya kubofya." Kumbe hizo ndizo zilikuwa barua zetu, na mimi nikadhani ni mchezo.

Mwezi wa tano ukajenga mji mpya, mdogo, juu ya mwamba, hatua mbili tu kutoka mpaka wangu. Ukauita Punje. Hukuandika taarifa yoyote siku hiyo. Mimi nilitazama ramani nikajisemea, huyu naye, mji gani huu unajengwa mahali ambapo haliwezi kuota hata jani, tena mlangoni kwangu? Nikadhani jina ni utani juu ya nafaka yangu. Punje, kwa kuwa utaishi kwa punje za kaka.

Ilipofika katikati ya mwezi wa saba tulikuwa zamu ya mia nane na kumi na mbili. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa kwenye chumba cha mashine juu ya paa, mimi nimekaa juu ya boksi la vifaa, kompyuta magotini. Kamba anatafuna mkate na kuchungulia begani kwangu. Nilifungua ukurasa wa biashara nikaona tarakimu. Punje ilikuwa imekua kuliko nilivyodhani, watu wengi, na shamba hata moja haina. Jikoni ina mashamba mawili tu. Uani hakuna. Bila kukusudia, dola yako yote ilikuwa imekaa palepale ambapo huwa namkalisha adui yangu.

Kamba akaniuliza, "Mbona umeganda? Si ufunge mpaka?"

"Huyu ni dada yangu. Ni mshirika."

"Mshirika ndo nani kwenye mchezo? Hebu tuone kama bado unaweza."

Nikacheka, nikafunga. Simlaumu Kamba, yeye alikuwa na mkate mdomoni, kidole kilikuwa changu. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Sikuwa na hasira nawe, na ule mji sikuuhitaji. Mtu akizoea kuvuna, akiona kilichoiva mkono unakwenda wenyewe. Ndilo jibu pekee nililonalo, na naona halitoshi.

Nikakuandikia: "Chiriku, Punje haina hata punje! Pole, biashara haina undugu."

Niliona hiyo ni sentensi nzuri sana. Nilimsomea Kamba.

Siku ya tatu ukajibu. Meseji yako ilikuwa fupi, wewe ambaye jina la Chiriku ulilipata kwa kutofunga mdomo tangu una miaka miwili: "Kaka, fungua mpaka. Chukua mingine yote, huo mji niachie." Nikadhani unanibembeleza kwa ujanja. Nikajibu, "Omba kwa adabu." Hukuomba tena. Siku mbili baadaye mji ukaasi, ukaja kwangu. Nikavunja majengo yaliyokuwamo ili nipate mawe. Halafu, kwa kuwa mchezo unaruhusu mwenye mji kuubadilisha jina, nikauita Jalala. Nikakutumia zamu yangu.

Hukuirudisha. Ipo kwako mpaka leo.

Miezi mitatu nilikuwa nasema umenuna. Nilimwambia Kamba, nilimwambia mke wa jirani, nilisema hata kwenye simu ulipokuwa unanisikia, "Huyu bado ana uchungu wa kunyang'anywa mji." Ukanyamaza. Najua sasa kwa nini shemeji aliichukua simu siku ile na kusema kwa sauti ya polepole kwamba umechoka, utapiga wewe. Hukupiga, na mimi nikaona mnajitia maringo.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane mwezi uliopita, mchana, nilikwenda kwa Mama kumtengenezea mlango wa kabati la jikoni uliolegea bawaba. Mama alikuwa mezani anachambua maharage. Nikiwa nimepiga magoti na bisibisi, nikaanza tena wimbo wangu.

"Mama, huyu mtoto wako kaninunia miezi mitatu kwa ajili ya mchezo. Mchezo, Mama!"

Nikaendelea kusimulia jinsi nilivyouchukua mji, nikicheka mwenyewe. Mama akasukuma sinia mbele.

"Unadhani mwenzio ananyamaza kwa sababu ya mchezo?"

"Sasa kwa sababu gani?"

"Mimba iliharibika," akasema. "Mwezi wa nne mwaka huu. Ilikuwa na wiki kumi na moja. Aliniambia nisimwambie mtu, na wewe hasa, kwa sababu alitaka akwambie mwenyewe siku umetulia, siyo katikati ya utani wako. Nimemngoja amwambie kaka yake. Nimechoka kungoja."

Niliweka bisibisi chini. Mama akaendelea, sasa kama anajisemea mwenyewe. "Walikuwa wameshampa na jina la utani. Punje. Eti siku ya kwanza waliyoambiwa, daktari alisema bado ni kitu cha ukubwa wa punje."

Nilimwomba Mama arudie jina. Akarudia. Nikamwambia nahitaji skrubu ndefu zaidi, nikatoka nikashuka mpaka ghorofa ya kwanza, nikakaa kwenye ngazi. Watu walinipita. Mwalimu wa ghorofa ya nne aliniuliza kama naumwa nikasema hapana, nangoja mtu. Nilikaa pale mpaka Mama alipochungulia na kuuliza kama skrubu nimekwenda kuichimba mgodini.

Siku hiyo sikumwambia chochote kuhusu jina la mji. Niliogopa, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili. Nilifunga bawaba, nikanywa chai, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi nilifungua mchezo wetu. Unajua huwa nahifadhi zamu zote, na mchezo unakubali kufungua zamu ya zamani ukiwa upande wowote. Sikuwahi kukaa upande wako. Nikafungua zamu ya mia nane na kumi na mbili, kabla sijafunga mpaka, nikaingia Punje.

Mdogo wangu, nilipouchukua ule mji niliangalia mawe tu. Sasa nikaangalia mji. Kwenye mwamba ule ulikuwa umejenga bustani mbili, na bustani kwenye mchezo ule haiingizi chochote isipokuwa kwamba watu wake wanafurahi. Ulikuwa umejenga shule wakati Jikoni haina shule. Kulikuwa na nyumba ya tabibu. Ulikuwa umezungusha ukuta pande tatu, na upande wa nne, unaotazama kwangu, hukuweka kitu. Askari wako wawili wa zamani kabisa, wale tuliocheka kwamba wamezeeka na rungu zao, ulikuwa umewatoa Ngazi ya Kwanza ukawaweka hapo, na hawakuondoka hata zamu moja.

Nikaelewa kwa nini ulikuwa mlangoni kwangu. Uliujenga pale kwa sababu ni karibu na kaka.

Halafu nikafungua zamu zilizofuata. Sikuwa nimewahi kuona kinachotokea upande wa pili nikishafunga mpaka, huwa nangoja tu matokeo. Niliona siku ya kwanza umetoa nafaka yote ya Jikoni ukaipeleka Punje. Siku ya pili ukatoa ya Kabatini. Siku ya tatu, ile uliyoniandikia, watu wa Uani walikuwa wanahama kwa njaa, na wewe ulikuwa bado unapeleka magunia ya mwisho kwenye ule mwamba. Ulikuwa tayari kupoteza dola nzima. Na mimi nikakwambia uombe kwa adabu.

Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo. Nilivunja sahani moja, ile ya maua.

Sasa nikueleze jambo ambalo naona aibu nalo zaidi ya yote, kwa sababu hili nililifanya nikiwa nimeshajua. Wiki nzima iliyofuata, kila saa ya mchana kule juu ya paa, nilikaa kuichunguza ile mbinu yangu. Nilianzisha michezo kumi na miwili dhidi ya mashine. Nilifunga mpaka mapema, nikafunga nimechelewa, mara nyingine sikufunga kabisa. Nilimwambia Kamba nataka kuona kama mbinu yenyewe ina kasoro. Na kasoro zipo. Mji uliokuja kwa njaa haukupendi, unataka askari wa kuulinda na karakana zake zinalala. Shaba inakatika. Nilipoacha mpaka wazi, mimi na jirani wote tulifika mbali kuliko nilivyowahi kufika, ila ilichukua muda mrefu. Nilianza kufurahi. Nikaanza hata kukuandikia barua ya kukueleza kwamba nilikosea hesabu.

Kamba ndiye aliyenikatiza. Aliuliza, "Sasa kati ya hiyo kumi na miwili, ukifunga unashindwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hukukosea hesabu, ndugu yangu."

Ni kweli. Nilikuwa natafuta kosa kwenye hesabu ili lisiwe kwangu. Mbinu inashinda. Ingekuwa inashindwa ningeiacha zamani, na wewe ungekuwa na mji wako. Ila inahitaji jirani anayekuamini mpaka akaacha kulima, na mashine huwa haiamini mtu, inapiga tu mahesabu. Wewe ndiye uliyeamini. Miaka yote ile niliyokuwa nakuona hujui kucheza, ulikuwa hulimi kwa sababu kaka yako alisema atakuletea.

Kule jukwaani nimeandika kwamba nimeacha kuifundisha. Sikutaja jina lako wala habari zako. Mmoja akanijibu kwamba mwalimu amezeeka. Nikamwacha.

Ule mji bado upo kwenye kompyuta yangu na jina nililoupa mimi. Nilitaka kulifuta niandike la kwako. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikashindwa. Jina lile mlilitunga wawili, wewe na shemeji, mkiwa na furaha ambayo mimi sikushirikishwa, na sababu ya kutoshirikishwa ni mimi mwenyewe. Niliona si langu kuliandika pale. Lakini Jalala nimelifuta. Mchezo haukubali mji usio na jina, kwa hiyo nimeweka nukta. Usiponirudishia zamu kamwe, sitauliza.

Wiki kumi na moja, Chiriku. Nilikuwa mjomba kwa wiki kumi na moja na sikujua. Nimehesabu nyuma kwenye kalenda ya karakana, ile yenye picha za kapi na mota. Zile wiki mlizokuwa mnafurahi, mimi nilikuwa nakutumia picha za Kamba amelala juu ya mota. Wiki mliyozika furaha yenu, nilikuwa nakusumbua kwa nini zamu yako imechelewa siku mbili. Ulinijibu, "Samahani Kaka, nilikuwa na homa kidogo." Uliniomba samahani. Kila nikikumbuka hilo huwa naacha ninachokifanya.

Sikuandikii ili uniambie "usijali". Nakujua, utataka kusema hivyo hata kama hujapoa, maana tangu utoto wewe ndiye ulikuwa unanifariji baada ya mimi kukuliza. Safari hii usifanye. Kaa na uchungu wako kadiri unavyohitaji, na ukitaka kunitukana, namba yangu ni ileile, na Kamba nimemwambia simu yako ikiingia hata kama niko shimoni anishushie kwa kamba. Na kama siku moja utapenda kunisimulia habari za mtoto, hata kidogo tu, mlichokuwa mnakipanga, mngeweka wapi kitanda chake, nitasikiliza bila kutia neno. Najua hukunizoea nikinyamaza, lakini najifunza.

Pole sana, mdogo wangu. Nimechelewa miezi saba kuitamka pole hii, na nimeitangulizia matusi. Pole, na pole nyingi kwa shemeji, ambaye naye alifiwa na hakuna aliyemkalia matanga.

Jumapili iliyopita nilimweleza Mama yote. Jina, mji, ile meseji ya punje, yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu. "Na ulicheka?"

"Nilicheka, Mama."

Akainuka, goti likamlia, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, angechomoa waya, angefanya chochote. Baadaye akasema ameshakata tiketi, anakuja kwako Alhamisi, atakaa mpaka utakapomfukuza. Unaposoma haya nadhani ameshaanza kukunja mapazia yako na kusonya. Mwache afue anachotaka kufua, ndivyo anavyolia.

Nilimwambia nami nitaomba likizo tuje wote. Alikuwa anafunga zipu ya begi. Hata hakugeuka.

"Wewe tanguliza karatasi," akasema. "Miguu itafuata ikiitwa."

Kwa hiyo barua hii imekuja kwenye mkoba wa Mama, kati ya dawa zake za goti na soksi mpya alizokununulia. Likizo nimeiomba hivyohivyo na nimepewa siku kumi, kuanzia mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Tiketi sijakata. Ukisema nisije, sitakuja, na sitakuuliza kwa nini.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote. Nisalimie pia yule dada mnayefua naye, aliyekushika mkono siku ya hospitali wakati sisi wenye damu yako tulikuwa mbali. Mama ameniambia habari zake. Mwambie namshukuru. Huku wanakusalimu Kamba na mkewe, mwalimu wa ghorofa ya nne, na jirani wa mlango wa pili ambaye bado anauliza lini utarudi kumsuka.

Mungu aitunze nyumba yako, akupe usingizi mzuri na mikono isiyouma, na akufungulie mlango wa heri kwa wakati unaoufaa moyo wako.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukuomba radhi.